Kujifunza Kichina bila Kufumba Macho



Wapendwa waamini, hivi karibuni binti mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo alifika ofisi ya parokia akiwa amefuatana na mama yake. Alihitaji barua ya utambulisho ili aiambatanishe na maombi ya ufadhili wa masomo ya lugha nchini China. Alikuwa amesoma Kichina chuoni kwa miaka miwili, amefanya mtihani wa HSK na kufaulu, na vyeti vyake alivipanga mezani kama mtu aliyekwisha kuamua. Mama yake alikaa kimya muda wote. Tulipochukua kalamu ndipo akasema: "Baba Paroko, samahani. Akienda kukaa huko miaka yote hiyo, atarudi akiwa bado anasali?" Binti akamgeukia kwa upole: "Mama, walimu wangu Wachina wamenifundisha miaka miwili, na hata siku moja hawajaniuliza dini yangu."

Tuliona kwamba kila mmoja wao alikuwa na hoja, na kwamba barua ya nusu ukurasa isingewatosha. Tukawaomba warudi Jumapili baada ya Misa ya pili. Makala haya yamezaliwa katika siku zile za kusubiri, kwa sababu tunaamini swali la mama yule linaulizwa katika nyumba nyingi za jimbo letu, na jibu la binti yule linatolewa na vijana wengi zaidi.

Lugha iliyovuka bahari

Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 na 1990 tulikijua Kichina kwa macho tu. Tulikiona kimechapwa kwenye tochi, kwenye kalamu za wino na chini ya mabakuli, wala hatukudhani kwamba ni kitu cha kusomwa na mtu wa kwetu. Leo vijana wetu wanakisoma darasani.

Mabadiliko haya yana tarehe. Mwaka 2004 serikali ya China ilifungua Taasisi ya Confucius ya kwanza katika jiji la Seoul, Korea Kusini. Mwaka 2005 ikafuata ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika. Tanzania ilipata taasisi zake mwaka 2013, katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya miaka 15 kutimia, taasisi hizo zilikuwa zimezidi 500, katika nchi zaidi ya 150. Kichina kikaingia hata katika shule za watoto: Afrika Kusini na Uganda zilikipa nafasi katika baadhi ya shule zao, na mwaka 2019 Kenya ilitangaza mpango wa kukifundisha katika shule za msingi. Hapa kwetu pia kinafundishwa katika baadhi ya shule za sekondari.

Ni haki kusema kwamba si China peke yake iliyofanya hivi. Wafaransa walianzisha Alliance Française mwaka 1883, Waingereza wakaunda British Council mwaka 1934, Wajerumani Goethe-Institut mwaka 1951, na Wahispania Instituto Cervantes mwaka 1991. Kila taifa linalojiona kubwa hutamani kusikika kwa lugha yake. Lakini kuna tofauti moja ambayo msomaji makini anapaswa kuikumbuka. Taasisi hizo za Ulaya kwa kawaida hukaa katika majengo yao wenyewe, mjini, na anayetaka huingia. Taasisi ya Confucius hukaa ndani ya chuo kikuu cha mwenyeji: mwenyeji hutoa madarasa na jina lake, chuo rafiki cha China huleta walimu, na vitabu pamoja na sehemu ya fedha hutoka Beijing. Mgeni huyu hakupanga nyumba jirani. Amepewa chumba ndani ya nyumba yetu. Hapo ndipo furaha na manung'uniko yote yalipoanzia.

Vijana wanajifunza kwa sababu zinazoeleweka. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou huokoa fedha nyingi akiweza kujadiliana bei mwenyewe. Kampuni za ujenzi zinahitaji wakalimani. Historia nayo ina mchango wake: reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yapo makaburi ya Wachina waliofia kazini katika nchi yetu. Watu wanaozika wapendwa wao katika ardhi yako si wapita njia.

Wala lugha yenyewe si nyepesi. Silabi moja "ma", ikitamkwa kwa toni nne tofauti, yaweza kuwa mama, katani, farasi au kufokea. Wenzetu waliolelewa katika lugha za Kibantu zenye toni, kama vile Kihaya, hupata ahueni kidogo. Wengine hulazimika kufundisha masikio yao upya. Kisha zipo herufi, ambazo kila moja hubeba neno au sehemu ya neno, na mtu huhitaji kuzijua takribani 3,000 ili asome gazeti. Kwa hiyo anayesema anajua Kichina baada ya miezi sita anajidanganya. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu, na tutalirudia.

Padre aliyekubali kuwa mwanafunzi

Waamini wengi hawajui kwamba jina lililoandikwa kwenye milango ya taasisi hizo lilitengenezwa na mapadre. Wachina humwita mwalimu wao mkuu wa kale Kong Fuzi. Jina "Confucius" ni la Kilatini, na walioliunda ni wamisionari Wajesuiti walipokuwa wakiandika habari zake kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya. Kanisa lilikuwa darasani kabla ya serikali yoyote ya leo kufungua darasa.

Mwaka 1582 Padre Matteo Ricci, mzaliwa wa Macerata, Italia, alifika Macau akiwa na umri wa miaka 29. Pamoja na Padre Michele Ruggieri, aliyemtangulia, alianza kujifunza Kichina bila kamusi na bila kitabu cha sarufi, maana havikuwapo. Wakatengeneza wenyewe kamusi ya Kireno na Kichina, ambayo muswada wake ulikuja kugunduliwa mwaka 1934 katika nyaraka za Wajesuiti mjini Roma. Mwaka 1595, yaani miaka 13 baada ya kuwasili, Ricci aliandika kwa Kichina kitabu kidogo. Mada aliyoichagua inatufundisha mengi: aliandika juu ya urafiki. Mwaka 1607, akishirikiana na msomi Paulo Xu Guangqi, alitoa kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya jiometria ya Euclid. Alifariki mjini Beijing tarehe 11 Mei 1610, na mfalme wa China akatoa ardhi ya kumzikia, heshima ambayo mgeni hakuitarajia. Tarehe 17 Desemba 2022 hayati Baba Mtakatifu Francisko aliidhinisha tamko linalotambua fadhila zake za kishujaa.

Tusimsifu Ricci kwa sababu tu alikuwa hodari wa lugha. Tuangalie mpangilio wa kazi yake. Alianza kwa kusikiliza. Alisoma vitabu ambavyo wasomi wa China wenyewe walivisoma, hata vile visivyokubaliana na imani yake, na akavifasiri kwa Kilatini. Alipofungua kinywa kumtangaza Kristo, aliweza kubishana na wasomi hao kwa maneno yao, kukubali lililo jema kwao na kukataa alichoona ni kosa. Asingeweza kufanya lolote kati ya hayo kwa Kichina cha kuamkiana sokoni.

Hilo ndilo Mama Kanisa alilolifanya fundisho. Papa Benedikto XV, katika waraka wake Maximum Illud wa mwaka 1919, aliwataka wamisionari wajifunze kwa dhati lugha za watu waliotumwa kwao, wasitosheke na ujuzi wa juu juu. Sisi wa Afrika Mashariki tumeonja matunda ya moyo huo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mmoja wao, Padre Charles Sacleux, alitumia maisha yake kukichunguza Kiswahili hata akaacha kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapishwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941. Wataalamu wa Kiswahili bado wanaifungua.

Herufi nne nyuma ya kiti cha enzi

Lakini Kanisa lina pia historia chungu katika suala hili, na si vema kuificha. Baada ya Ricci kulizuka mabishano marefu: je, Mchina aliyebatizwa aweza kuendelea na ibada za kuwakumbuka wahenga wake na kumheshimu Confucius? Wajesuiti wengi waliona kwamba hizo ni heshima za kijamii. Wamisionari wengine waliona kwamba ni ibada ya sanamu. Swali lilikuwa zito, na wote waliolibishania walikuwa watu wa imani.

Mwaka 1692 Mfalme Kangxi alikuwa ametoa ruhusa kwa Wakristo kusali katika himaya yake. Mwaka 1706 alimwita mbele yake Askofu Charles Maigrot, mmoja wa waliozipinga sana ibada hizo, ambaye alikuwa amekaa China zaidi ya miaka 20. Mfalme akamwuliza juu ya herufi nne zilizoandikwa nyuma ya kiti chake cha enzi. Askofu hakuweza kuzisoma zote. Mfalme alishangaa kwamba mtu asiyeweza kusoma maandishi hayo amejitwika kazi ya kuhukumu maana ya mila za Wachina. Mwaka 1715 Papa Klementi XI alithibitisha katazo la ibada hizo, na mwaka 1721 Kangxi, baada ya kusoma hati hiyo, akaamuru mahubiri ya Kikristo yakome. Ni mwaka 1939 tu, chini ya Papa Pio XII, ambapo Kanisa liliwaruhusu Wakatoliki wa China kushiriki heshima hizo kwa wahenga na kwa Confucius.

Hatutaki kusema kwamba herufi nne ndizo zilizofunga mlango; sababu zilikuwa nyingi. Tunasema tu kwamba kujua nusu kulifanya kazi yake. Askofu Maigrot hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Alikuwa na Kichina kilichomtosha kuishi, lakini hakikumtosha kuamua. Historia hiyo inatupatia kipimo cha kupimia yale yanayotokea leo: swali si kama tujifunze Kichina. Swali ni kama tutajifunza kiasi cha kuweza kusoma hata yale ambayo mwalimu wetu hakukusudia kutusomesha.

Manung'uniko ya vyuo

Kwa kipimo hicho tusikilize sasa malalamiko yaliyotolewa dhidi ya Taasisi za Confucius. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilifunga taasisi yake. Mwalimu mmoja aliyekuwa ametumwa kutoka China alieleza kwamba mkataba wake wa kazi ulimzuia kuwa mfuasi wa Falun Gong, kundi la kiroho lililopigwa marufuku nchini mwake. Mwaka 2014, huko Braga, Ureno, wataalamu wa elimu ya China walikutana katika kongamano lao la Ulaya, na kurasa kadhaa za kitabu cha ratiba zikanyofolewa kwa amri ya kiongozi wa ofisi ya Beijing iliyosimamia taasisi hizo, kwa kuwa zilitaja shirika la Taiwan lililochangia kongamano hilo. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Chicago na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania vilisitisha ushirikiano wao. Sweden ilifunga taasisi zake zote kufikia mwaka 2020. Marekani, ambako zilikuwapo takribani 100, zimebaki chache za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, hasa baada ya sheria ya mwaka 2018 kuvizuia vyuo vyenye taasisi hizo kupata baadhi ya fedha za wizara ya ulinzi. Mwaka 2020 China yenyewe ilibadilisha mfumo wa usimamizi na kuukabidhi kwa wakfu ulioundwa kwa kazi hiyo.

Sisi Wakatoliki hatuwezi kulipuuza jambo la Kanada. Hatukubaliani na mafundisho ya Falun Gong, lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Uhuru wa Dini, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe katika dhamiri yake. Anayenyimwa kazi ya kufundisha lugha kwa sababu ya anachokiamini leo anaweza kuwa mfuasi wa kundi tusilolijua. Kesho anaweza kuwa Mkristo. Na kurasa zilizonyofolewa Braga hazikuwa nyingi, lakini aliyezinyofoa alisahau kwamba alikuwa mgeni katika nyumba ya watu.

Haki inadai pia tuseme upande wa pili. Si kila aliyefunga taasisi alisukumwa na upendo wa uhuru. Ushindani wa kisiasa na kibiashara kati ya mataifa makubwa umechangia sana, na baadhi ya maneno yaliyosemwa juu ya Wachina katika nchi hizo yamekuwa ya chuki tupu. Zaidi ya hayo, kufunga hakujawa dawa kamili. Mahali ambapo taasisi imefungwa bila chuo kuajiri walimu wake wa Kichina, idadi ya watu wanaoweza kuisoma China kwa macho yao wenyewe hupungua. Taifa linaloiogopa China kisha likaacha kujifunza Kichina hujiweka pale pale alipokuwa Askofu Maigrot mbele ya herufi nne.

Na sisi je?

Afrika Mashariki haina utajiri wa kuchagua walimu inavyotaka, na mwalimu anayekuja na mshahara wake na vitabu vyake ni msaada halisi. Tumewaona walimu hao. Wengi ni vijana walioacha wazazi wao mbali, wanafundisha kwa bidii, wanajifunza kula ugali na kusalimia wazee kwa "shikamoo". Ni dhambi kumgeuza kila mmoja wao kuwa jasusi kwa maneno ya vijiweni.

Tatizo letu lipo kwingine. Kwa miaka mingi China imetusoma sisi kuliko tulivyoisoma. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, redio ya Beijing ilianza matangazo ya Kiswahili. Tangu miaka ya 1960 Kiswahili kinafundishwa katika chuo kikuu cha lugha za kigeni cha Beijing. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ilioneshwa katika televisheni yetu ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na familia nyingi zikakaa kuitazama. Wachina walifanya kwa Kiswahili kile tunachopaswa kufanya kwa Kichina: waliwalipia watu wao wenyewe, kwa fedha zao wenyewe, wakajifunza lugha ya wengine hadi ndani. Sisi tumeacha kazi hiyo ilipiwe na mwenye lugha. Anayegharamia darasa lote ndiye anayeamua nini kiwe kwenye ubao, na hilo lingekuwa kweli hata kama mgharamiaji angekuwa Mwingereza, Mwarabu au sisi wenyewe.

Ndugu zetu Waislamu wana msemo wa kuitafuta elimu hata ikiwa China. Nasi tunauitikia. Lakini anayeifuata elimu mbali hivyo huondoka na begi lake mwenyewe. Begi la kijana wetu ni Kiswahili chake, ambacho UNESCO ilikitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani, kwa uamuzi wa mwaka 2021. Ni lugha ya nyumbani kwao, ni historia ya watu wake, na ni imani aliyobatizwa nayo. Asiye na begi hupokea chochote anachopewa, naye hushukuru kwa kila kitu kwa sababu hana cha kulinganisha.

Tunatamani basi kuona mambo matatu. Tunatamani vyuo vyetu viwe na wahadhiri Watanzania wa Kichina wanaolipwa na vyuo hivyo, ili mwanafunzi asikie habari za China kutoka vinywa viwili. Tunatamani mikataba inayofungwa kwa lugha mbili isomwe kwa lugha zote mbili na watu wetu, kuanzia ile ya serikali hadi ile ya mfanyakazi anayetia sahihi kwenye eneo la ujenzi. Na tunatamani wanafunzi wetu wafike ngazi ya juu, wasome riwaya, historia na magazeti ya Kichina, yakiwamo yale ya Taiwan na ya Wachina waliotawanyika duniani. Mwanafunzi wa namna hiyo ataipenda China zaidi ya yule wa miezi sita, naye ataweza kuiambia ukweli. Urafiki alioandika Ricci haukuwa wa kukubaliana na kila neno.

Jibu kwa mama

Turudi sasa kwa mama yule. Hofu yake haikuwa juu ya lugha. Alihofu kwamba mwanawe ataishi miaka kadhaa katika nchi ambayo serikali yake inafuata itikadi isiyomtambua Mungu na inaziwekea dini mipaka. Hofu hiyo ina msingi. Sheria za China zinamruhusu mgeni kusali katika makanisa yaliyosajiliwa, lakini zinamkataza kuhubiri na kuanzisha vikundi vya dini bila idhini. Mkataba wa muda kati ya Vatikano na China juu ya uteuzi wa maaskofu ulitiwa sahihi mwaka 2018, ukaongezewa muda mwaka 2020, 2022 na 2024, na hata ndani ya Kanisa wapo wanaoukosoa, akiwamo Kardinali Joseph Zen wa Hong Kong. Mateso ya waamini wa China si hadithi.

Lakini mama huyo ajue pia kwamba binti yake hatakuwa peke yake. Yapo mamilioni ya Wakatoliki huko. Wanasali Rozari kwa Kichina, na Maandiko Matakatifu wanayasoma kwa tafsiri iliyosimamiwa na Mwenyeheri Gabriele Allegra, Mfransisko aliyetumia miongo kadhaa kuikamilisha hadi ikachapishwa mwaka 1968. Mjini Beijing lipo Kanisa la Kusini, mahali ambapo Ricci alikuwa na kikanisa chake kidogo tangu mwaka 1605. Kijana wa kwetu akipiga magoti hapo, anapiga magoti nyumbani. Na siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwafundisha wageni wote lugha ya mitume. Aliwafanya mitume wasikike katika lugha za wageni. Basi Kichina nacho ni lugha ambayo Mungu husikia.

Jumapili walirudi wote wawili, mama na binti. Barua tulikuwa tumeiandika. Tulimwambia binti mambo machache: aulizie kanisa lililo karibu na chuo kabla ya kuulizia maduka, azishike sheria za nchi ile, maana kuhubiri kwa maisha mema hakuhitaji kibali, asirudi mpaka awe amesoma kitabu kizima cha Kichina ambacho hakikuwa kwenye mtaala, na awafundishe wenzake wa bwenini Kiswahili, hata kama ni salamu na hadithi za sungura. Mama tulimwomba asikome kumpigia simu kila Jumapili, wala asimwulize kwanza juu ya mitihani. Amwulize Injili ya siku ile ilikuwa ipi.

Mama alitikisa kichwa, akafungua pochi yake na kutoa rozari ya mbao, ile aliyopewa na mama yake mzazi. Akamkabidhi binti. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: "Na 'Salamu Maria' kwa Kichina inasemwaje?"

Binti hakujua. Katika miaka miwili ya masomo hakuwahi kufundishwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kuuliza. Akaahidi kwamba hilo litakuwa swali lake la kwanza atakapofika.